Kilichokuwa Kikiangusha Kompyuta ya Josée

Nyumba ya Josée na mumewe Séverin iko karibu na maporomoko ya Kisangani. Ngurumo ya maji huingia mpaka jikoni. Asubuhi Séverin hushuka mtoni kwenye mitego yake ya samaki. Josée hufungua mlango wa mbele. Hapo ana meza, kompyuta na mashine ya kuchapa, na watu huja kuandikiwa barua.

Huja pia na simu zisizo na chaji. Mtaani kwao, anayekuja kusalimia huchomeka simu yake kabla hajaketi. Kumkatalia ni kama kumnyima maji ya kunywa. Matundu ya kompyuta hayakutosha, kwa hiyo Josée aliunganisha kijisanduku chenye matundu mengi. Simu zilikaa hapo siku nzima, zikinyonya umeme wa kompyuta.

Kisha kompyuta ikaanza kuanguka. Josée yuko katikati ya barua, mara skrini inageuka buluu, maandishi meupe yanatokea, mashine inajizima na kujiwasha upya. Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja. Baadaye hakumaliza hata ukurasa.

Kaka yake, Fiston, alikuja kuiangalia.

"Iko na virusi," alisema hata kabla ya kuketi. "Tunafuta yote, tunaweka système mupya. Bon, imeisha."

"Kufuta yote?" Séverin aliuliza. "Na sauti ya marehemu papa yangu?"

Kabla ya kufariki, baba yake Séverin alirekodi sauti yake kwa simu. Alieleza yalipo matundu ya mwamba ambamo familia yao husimika nguzo za mitego, moja baada ya jingine. Simu ile ilizama mtoni. Rekodi ilibaki ndani ya kompyuta tu. Sasa maji yalikuwa yameshuka na nguzo mpya zilitakiwa kusimikwa, lakini Séverin hakuyajua matundu yote. Kila walipoifungua rekodi, mzee alitaja tundu moja au mawili, kisha skrini ikawa buluu. Walijaribu kuinakili kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kijisanduku. Buluu tena.

Josée alimwita Colette, jirani anayetengeneza kompyuta mjini. Colette alisimama mlangoni, akatazama nyaya zilizojaa kwenye kompyuta.

"Josée, hii ni ordinateur ao ni kituo cha umeme?"

"Ni simu za wageni."

"Basi wageni wako wanakula kupita bwana yako."

Séverin alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hatufuti kitu," Colette alisema. "Tunatoa nyaya zote. Tunaacha kibodi na kipanya tu."

"Ugonjwa iko ndani, weye unashika vitu vya inje," Fiston alisema.

"Alors, tutajua kama iko ndani, kaka Fiston. Kama itaanguka hata bila hivi vitu, nitatafuta ndani."

Waliwasha. Josée aliandika ukurasa mzima, kisha wa pili. Kompyuta ilitulia. Upesi Colette alichomeka flashi kwenye kompyuta yenyewe, akanakili rekodi ya mzee. "Kwanza tunalinda chenye hakinunuliwi," alisema.

Kisha akaanza kurudisha vitu, kimoja kimoja, akisubiri baada ya kila kimoja. Mashine ya kuchapa: salama. Simu moja: salama. Kijisanduku kitupu, bila simu hata moja: skrini ikawa buluu.

Colette alikihamishia kwenye tundu jingine. Buluu.

"Si tundu," alisema. "Ni hiki."

Alikifungua kwa kisu. Ndani, vyuma vyake vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Unyevu wa maporomoko ulikuwa umekila.

"Ndani ya kompyuta kuna programu inayoongoza nyingine zote," Colette alieleza. "Ni mfumo endeshi, ile système. Kila kitu unachochomeka kinaongea nayo. Hiki kilikuwa kinaongea ovyo. Système ikiona kwamba ikiendelea itaharibu kazi, inajisimamisha. Ndiyo ile buluu."

"Donc haikuwa inakufa," Josée alisema polepole.

"Ilikuwa inajilinda. Na kulinda vitu vyenu."

Séverin alikiweka kijisanduku kwenye kiganja. Alikuwa ameona mto ukirusha miti mizima kama vijiti. Hakuwahi kuona kitu chepesi namna hii kikisimamisha kazi ya nyumba nzima.

"Na mimi nilitaka kufuta mzee," Fiston alisema.

Siku hiyohiyo Josée alivuta waya kutoka kwenye betri ya paneli ya sola hadi pembeni mwa chumba. Wageni huchaji simu huko, mbali na kompyuta. Hakuna aliyekasirika.

Jioni walifungua rekodi. Mzee alitaja tundu la kwanza, la pili, la tatu, na skrini haikubadilika. Nyuma ya sauti yake maporomoko yalikuwa yakinguruma, na nje ya mlango yalikuwa yakinguruma vilevile, hata hawakujua yapi ni ya leo. Walisikiliza mpaka mwisho, bila hata mmoja kukohoa.

Asubuhi Séverin alisimama juu ya mwamba. Akaingiza mkono majini mpaka begani, pale baba yake alipomwelekeza. Tundu lilikuwepo.