Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Marehemu alikutwa ameketi. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani, na paji la uso limelalia kola ya shati ambayo hakuimaliza. Sakafuni palikuwa na matapishi meusi yenye chembechembe, mithili ya machicha ya kahawa. Pembeni pake palikuwa na kikombe cha chai, kimenywewa nusu.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Aliyemkuta ni mkazamwana wake, na ndiye huyo huyo aliyempelekea ile chai saa moja kabla. Kufika saa tatu, mtaa ulikuwa umekwisha kutoa hukumu. Mtaa hauhitaji hakimu.

"Jana jioni walizozana," mtoto wa marehemu alimwambia Inspekta. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache. "Mke wangu alimwambia, 'Mama, utakuja kufia kwenye hiyo cherehani.' Na leo amefia hapo."

"Unamtuhumu mkeo?"

"Nasema nilichosikia, afande."

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Alimtazama yule mwanamume kidogo, kisha akaamuru kikombe kifungwe kama kielelezo na mwili upelekwe kwa uchunguzi. Mkwe naye akachukuliwa. Hakulia. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akapanda nayo gari la polisi.

Kituoni, mahojiano yalikuwa mafupi.

"Mlizozania nini?"

"Nilitaka apumzike. Mwezi juzi mapaja yalikuwa yanamuuma, hainuki kitini mpaka ashike meza. Nikamwambia turudi kliniki. Mara akaanza kusema haumwi tena. Mimi sikuamini. Mtu haponi ghafla hivyo."

"Ulitia nini kwenye chai?"

"Sukari. Kijiko kimoja, na hata hicho nilimpunja."

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Ya kushusha mafuta kwenye damu, basi. Kidonge kimoja usiku, nampa mwenyewe mkononi."

"Na za maumivu?"

"Haruhusiwi. Ana vidonda vya tumbo. Daktari aliandika kwenye kadi kwa wino mwekundu."

Inspekta aliiona ile kadi. Wino ulikuwa mwekundu kweli.

Mchana alirudi kupekua chumba cha kushonea. Alifuatana na konstebo wake, kijana ambaye kituo kizima kilimwita Kibiriti kwa udogo wa umbo. Mlikuwa na cherehani mbili zilizotazamana. Moja ya marehemu, ya pili ya mdogo wake wa kike. Dada hao wawili walikuwa wameshona humo miaka arobaini, uso kwa uso.

Rafuni kulikuwa na makopo ya vifungo, kila kopo na aina yake: vya makoti, vya sketi, vya mashati. Kibiriti alimimina kiganjani vifungo vyeupe vya kopo la mashati, akavipangua kwa kidole.

"Afande, hivi vingine havina matundu."

Inspekta akakitwaa kimoja, akakinusa.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu mdogo, akiingia ananyamazisha kilio, akizoea nyumba anakula nguzo."

Kibiriti alifikiri. "Mchwa?"

"Unanipa mji, ama?"

"Chukua mji, afande."

"Dawa ya maumivu. Vitie kwenye bahasha."

Kesho yake daktari aliyeupasua mwili alimpokea Inspekta huku akinawa mikono.

"Chai vipi?"

"Safi. Ungeniletea ya moto ningekunywa."

"Nini kimemuua, basi?"

"Kidonda cha tumbo kimekula mshipa, akavuja damu kwa ndani. Ndiyo maana matapishi yalikuwa meusi. Damu yake imejaa dawa ya maumivu, na figo zilikuwa zimeanza kuchoka. Amezimeza kwa wiki nyingi huyu."

"Na yale mapaja?"

"Hiyo sasa ni dawa ya mafuta. Sisemi ni mbaya, inawasaidia wengi. Ila baadhi ya watu huwaumiza misuli, hasa kina mama wa umri mkubwa wenye miili midogo. Yale maumivu ni kengele. Mtu anarudi kliniki, anapimwa, dawa inapunguzwa au inabadilishwa. Huyu kengele yake ilizimwa."

"Na nani?"

"Hilo, mama, si kazi ya kisu changu."

Duka la dawa lilikuwa kona ya pili. Muuzaji hakuzunguka.

"Marehemu simuuzii hizo, kadi yake naijua. Ninayemuuzia ni mdogo wake. Kila Jumatatu, pakiti mbili. Ana goti."

"Goti lipi?"

"La kulia." Akasita. "Wiki nyingine la kushoto."

Walimkuta mdogo wa marehemu ameketi mbele ya cherehani yake bila kushona. Alikuwa bibi mwembamba, mwenye mto wa pini umefungwa kwenye kifundo cha mkono.

"Pole na msiba, mama," alisema Inspekta. "Najua si wakati wake, lakini huyu kijana wangu suruali yake inafagia barabara. Mtie pini mbili tu."

"Mwanangu, polisi hawana nguo za kipimo chako?" bibi alimuuliza Kibiriti. "Au walikushonea ukiwa bado unategemewa kurefuka?"

Mazoea ya kazi ni bwana. Alichuchumaa mpaka chini, pini katikati ya meno, akazunguka mguu huu na huu. Kisha akainuka bila kushika kitu.

"Goti limepona lini, mama?"

Bibi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto. Zilikuwa sita.

"Sina goti," alisema.

"Vidonge vilikuwa vya nani?"

"Vya dada."

"Alijua ni nini?"

"Nilimwambia ni vitamini ya mifupa. Nilivitoa kwenye pakiti asije akasoma, nikavitia kwenye vifungo. Kopo la vifungo vya mashati nilikuwa nashika mimi peke yangu. Viwili asubuhi, viwili mchana."

"Vidonda vyake ulivijua?"

"Nilivijua. Nikadhani kidogo hakitamdhuru. Alianza tena kushona vizuri, akawa anacheka. Nikasema, mbona anaendelea."

"Kwa nini, mama?"

"Alitaka kufunga kazi. Aiuze cherehani mwisho wa mwezi, akakae ndani atunzwe na mkwewe. Na mimi je? Sina mume, sina mtoto. Miaka arobaini nikiinua macho namwona yeye. Kwangu hata nikikohoa hakuna wa kuniambia pole." Alionyesha kiti cha pili kwa kidevu. "Nilitaka aendelee kukaa pale. Basi."

"Mkwewe yuko mahabusu tangu jana. Ulikaa kimya."

"Yeye ndiye aliyekuwa anamchukua dada," alisema bibi. "Nikasema naye aonje kukaa peke yake."

Kibiriti aliandika maelezo. Bibi aliyasoma yote, akatia saini.

Kwenye kaunta ya kituo, mkwe alikuwa anarudishiwa aproni yake bibi alipoingizwa. Inspekta alimweleza mkwe yaliyotokea kwa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho. Kupitia dirisha mumewe alionekana kando ya lori, ameufungua mlango wa abiria, kofia mkononi.

"Mama mdogo," mkwe aliita. "Dawa zako za presha unazo?"

"Ziko nyumbani."

Mkwe akaomba karatasi. Aliandika akiwa amesimama, akamsukumia sajini wa kaunta.

"Hii ni asubuhi, akishakula. Hii ni usiku. Na kidonge kingine chochote, hata aletewe na nani, asipewe mpaka daktari akione."

Akaweka kalamu. Kisha akatoka, akaupita ule mlango wa lori uliofunguliwa, akaenda nyumbani kwa miguu.