Siku ya Kliniki, Siku ya Gulio

Muuguzi wa zahanati aliisoma barua akiwa bado ameshika daftari la kupima watoto. Utafiti wake umekataliwa tena, mara ya pili, kwenye mkutano wa masuala ya vijijini.

Mumewe, fundi baiskeli, alimshauri aachane nao. Mnyonge hana haki, alisema, huku akiziba pancha.

"Sinyamazi," muuguzi alijibu. "Kina mama wanakosa kliniki kwa sababu imewekwa siku ya gulio. Wakubwa nimewaambia, wakanicheka. Mkutanoni watanisikia, watake wasitake."

Akaenda moja kwa moja kwa jirani, mwalimu mstaafu wa chuo, aliyewahi kuchagua tafiti za mikutano kama hiyo.

"Shangazi, mnatuonea sisi wa kijijini."

Shangazi alivaa miwani, akaeleza. Kila anayeomba huandika ikisiri, yaani utafiti wake kwa ufupi, ukurasa mmoja. Jina lake huondolewa. Wasomaji wawili huisoma, kila mtu kivyake, bila kujua kaandika nani. Hutoa alama: swali ni lipi, alichunguza vipi, aligundua nini, na wanakijiji watafaidika vipi.

Kisha akaisoma ikisiri ya muuguzi iliyokataliwa, akaguna. Nusu ya ukurasa ilikuwa salamu na shukrani kwa wakubwa. Mwishoni paliandikwa: "Matokeo nitayasema siku hiyo."

"Mbona umeyaficha?"

"Nikiyamaliza yote, nani atakuja kunisikiliza?"

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Wewe muuguzi wa kina mama hulijui hilo?"

Muuguzi alicheka, lakini hasira ilibaki palepale. Alizifuta salamu zote, na vyeo vyake. Akaandika kwamba aliwauliza kina mama sitini na wawili waliokosa kliniki, na hamsini kati yao walikuwa gulioni wakiuza mboga. Akamalizia: wakubwa wamekataa kubadili siku.

"Hapo pakali," Shangazi alisema. "Ni kweli?"

"Barua yao ninayo."

"Basi paache."

Mwaka huo ikisiri ilipita. Ukumbini, mkuu wa afya alikaa safu ya mbele. Muuguzi alisoma mpaka mwisho bila kuruka neno. Mkuu akauliza nani alimtuma.

"Kina mama sitini na wawili," alijibu, akabaki amesimama.

Ukumbi mzima ulimgeukia mkuu. Alikohoa, akaandika kitu.

Kliniki siku hizi ni Alhamisi, gulio ni Jumanne. Foleni ya kina mama inafika getini, na daftari la muuguzi limejaa.