Tabaka la Tatu

Mvua ilikuwa imekatika jioni ile mjini Kasongo, na Benita alikuwa anaingiza ndani picha alizotundika kwenye kibaraza cha studio yake. Mashine yake ilichapa kwa wino wa maji. Tone moja tu, uso wa mtu unachuruzika. Kwa hiyo kila picha aliipulizia verni ya kopo, vanishi ya kuzuia maji, kabla ya kumpa mwenyewe. Kila picha, isipokuwa zile za mwezi wa nane, verni ilipokosekana sokoni.

Pikipiki ya kukodi ikasimama. Akashuka mwanamke aliyejaa tope hadi magotini, amemshika mkono msichana wa miaka minane. Benita aliwakumbuka: Emilienne wa kijiji cha Wamaza na binti yake, Sarah-Grâce. Mwezi wa nane aliwapiga picha watoto watatu wa mama huyu, siku ya komunyo.

Emilienne akatoa picha ile ndani ya plastiki.

Nyuso mbili hazikuwepo.

Nguo zilikuwepo, mikono ilikuwepo. Juu ya kola, weupe mtupu.

"Iliingia maji?" Benita akauliza.

"Hapana. Uso wa Baraka ulianza kufutika siku ya Jumapili. Kisha siku tatu, akakufa." Emilienne alisema polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito. "Kisha Aurélie. Vilevile."

Benita akaisogeza picha karibu na taa. Sikio la kushoto la Sarah-Grâce lilikuwa limeanza kuyeyuka. Akamtazama mtoto, ameketi kwenye benchi. Alikuwa anajikuna sikio hilohilo.

"Tangu wakati gani?"

"Leo asubui."

"Nani alifanya hivi, mama?"

Emilienne akainama, akanong'ona. "Shangazi yao alitaka hii foto, nikamukatalia. Akalowesha kidole na mate, akakipitisha juu ya nyuso zao, moja moja. Hakusema kitu. Sijui kama ni ile... Sijui. Weka verni, mama. Naomba ile tu."

Benita hakuamini, wala hakuweza kukataa. Aliilaza picha juu ya meza, akatikisa kopo, akapulizia kwa umbali wa mkono, toka pembe hadi pembe, tabaka jembamba. Harufu kali ikajaa chumba.

Kwenye benchi mtoto akasema, "Mama, iko baridi."

Kwenye picha, sikio likaacha kuyeyuka.

Emilienne akaanza kulia bila sauti. Benita akangoja tabaka likauke, akapulizia la pili. Mtoto hakusema kitu tena. Kazi ya Benita ilitaka matabaka matatu. Mawili hayazuii unyevu wa jimbo la Maniema. Akapulizia la tatu.



Hata kujikuna kulikoma.

Benita akageuka. Sarah-Grâce alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja, vilevile alivyoketishwa kwa picha siku ya komunyo. Macho yalikuwa wazi. Benita akahesabu hadi mia. Hayakupepesa. Ngozi ya uso ilikuwa inang'aa, laini mno, na mwanga wa taa ukateleza juu yake. Akaweka kidole chini ya pua ya mtoto. Pumzi ilikuwepo, nyembamba kama uzi...

Ilinuka verni.

"Ondosha," Emilienne akanong'ona. "Mama, ondosha."

"Haiondoki."

"Ondosha na kitu."

"Nikiweka dawa ya kuiondosha, wino itafuata. Yote. Uso wake utaenda."

Wakatazamana wale wanawake wawili. Hakuna aliyegusa picha. Mwisho Emilienne akaivika plastiki yake, akamnyanyua binti yake na kumpakia mbele yake kwenye pikipiki. Mguu wa mtoto haukukunjika. Ilibidi dereva asaidie.

Benita akafunga studio siku tisa.

Habari zilimfikia kwa Dady, dereva yule wa pikipiki. Mtoto yuko hai, alisema. Hali chakula, halali, hakondi. Mvua ikimpiga, maji yanateleza tu. Mama yake huketi naye mlangoni tangu asubuhi, akimsemesha. Shangazi alihama, watu hawajui alikoelekea. Wengine wanasema hakuwa na kosa lolote.

Benita akayatupa makopo yake yote chooni.

Mwezi uliofuata, mchana, akaingia mwanaume mgeni. Jina lake Théophile, alitoka Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Hakuketi.

"Ni wewe uliyemuzuia yule mutoto wa Wamaza asikufe?"

Benita alitaka kusema hapana. Alitaka kusema kwamba kile si kuzuia, lakini hakulijua jina la kile alichofanya.

"Bibi yangu iko anaisha," akasema mwanaume. "Daktari amesema wiki hii." Akaweka picha ya mke wake mezani: mwanamke kijana anacheka, kitambaa cha njano kichwani.

"Baba, sina verni tena. Nilitupa yote. Na yule mutoto, kama ungemuona..."

"Nilipita kwao. Nilimuona."

Akafungua mfuko wake. Alikuwa amekuja na kopo lake mwenyewe, na tayari alikuwa analitikisa.