Mpole wa Chumba cha Nyuma

Jioni ile nilikuwa napeleka gauni tu, wala sikuwa na safari nyingine. Gauni la dada yangu, la kijani, la kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Nilikuwa nimeshalipunguza kiunoni, na bado akanipigia simu kusema linampwaya. Mimi ni fundi cherehani. Mwili wa dada yangu naujua kwa tepu kuliko ninavyoujua wangu. Mtu mzima hapungui hivihivi... Ama anaumwa, ama kuna jambo analificha.

Jua lilikuwa limezama lakini mwanga ulikuwa bado haujaondoka. Dada alipanga kwenye nyumba ya vyumba vingi vinavyozunguka ua mmoja, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni iliyo jirani. Siku zote uani pale ni kelele: redio, ndoo, wanawake wanagombania kamba ya kuanikia. Jioni ile palikuwa kimya. Wanawake walikuwa wamekaa kila mmoja mlangoni kwake, wameoga, wamevaa vizuri, kama wanaosubiri mgeni. Mashuka yalining'inia bila kutikisika.

"Shikamoo," nilimwamkia bibi wa mlango wa kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Dada'ko yumo ndani." Akapunguza sauti. "Lakini ungengoja kidogo. Leo ni zamu yake."

"Zamu ya nini, bibi?"

Akacheka chini chini kama msichana aliyefumaniwa. Midomo yake ilikuwa imepauka, rangi ya majivu. Nikatazama mlango wa pili, wa tatu... Wote walikuwa na midomo ile.

Nilijua kuna mpangaji mpya chumba cha nyuma. Walimwita Mpole. Dada alikuwa amenisimulia habari zake kwenye simu mpaka masikio yakanichoka. Mpole ana adabu. Mpole hapazi sauti. Mpole mchana hutamwona, amelala, eti ni mlinzi wa usiku. Analinda wapi? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyejali. Giza likianza kuingia anatoka, anapita mlango kwa mlango, anamuuliza kila mwanamke siku yake imekwendaje. Na halafu, hili dada alilisema kama anayesimulia muujiza, anasubiri ajibiwe.

Nilisukuma pazia la dada. Chumba cha mbele hakikuwa na mtu. Pasi ilikuwa imesimamishwa mezani, bado ya moto, na shuka limekunjwa nusu. Dada hakuwa mtu wa kuacha shuka nusu.

Kulikuwa na harufu. Si sabuni, si nguo ya moto. Harufu ya chuma kilicholowa... na chini yake kitu kitamu, kama maziwa yaliyoanza kuchacha.

Kisha nikasikia.

Gu... gu... gu...

Ilikuwa sauti ya mtoto anayenyonya.

Nyumba ile haikuwa na mtoto mchanga. Kitinda mimba wa dada ndiye huyo aliyekuwa anaolewa.

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo. Nikausukuma kwa kidole.

Dada alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, mkono wa kushoto ameunyoosha. Mbele yake mwanamume alikuwa amepiga magoti sakafuni. Mdomo wake ulikuwa umegandamana na mkunjo wa kiwiko cha dada. Koo lake lilipanda, likashuka. Likapanda, likashuka. Na dada yangu... dada yangu alikuwa anampapasa nywele.

Gauni likaniponyoka.

Mwanamume aliinua uso. Nilingoja kuona macho mekundu, meno, kucha, vile vyote tulivyotishwa navyo utotoni. Havikuwepo. Ulikuwa uso wa mtu tu, tena mzuri, uso wa mtu aliyekutwa anakula akaona haya. Tone moja jekundu lilikuwa kidevuni. Akalifuta kwa kiganja.

"Pole," alininong'oneza. "Umeshtuka."

Yaani mimi ndiye niliyepewa pole!

Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Hakuna aliyekuja. Nje wanawake walikuwa pale pale milangoni, na hata mmoja hakuinuka. Mpole aliniinamia kwa heshima, akapita, akaenda zake. Hatua zake hazikusikika.

"Dada, huyu ni mnyonya damu!" Nilimshika mabega, nikamtikisa. Mifupa ilijaa mikononi mwangu.

"Kwani mimi sioni?"

"Amekuroga!"

"Hajaniroga." Alikuwa anashusha mkono wa blauzi taratibu. "Unakumbuka hadithi za bibi yetu? Za majini, za mazimwi, za wachawi. Mimi nilikuwa nataka ipi?"

Nilikumbuka. Kila mara alikuwa anataka ya mnyonya damu. Bibi akimaliza, sisi wengine tunauliza watu walimkimbiaje. Dada alikuwa anauliza kwa nini alimchagua yule msichana, akawaacha wengine.

"Hukuwahi kujiuliza kwa nini watu hawachoki na hadithi ile?" alisema. "Zimwi linakula yeyote. Huyu anachagua. Anabisha hodi. Anasema, naomba. Mara ya mwisho mtu kukuambia wewe naomba ilikuwa lini?"

Nikaokota gauni, nikaondoka kwa hasira.

Kesho yake nikamfuata mume wake. Shemeji yangu alikuwa anarudi nyumbani kwake kama mtu anayerudi hotelini: kula, kulala, kubadilisha shati. Nilipomweleza alisaga meno, akakusanya rafiki zake wawili wenye fimbo, na giza lilipoanza tukaingia uani. Alipofika mlangoni kwa mkewe, neno lake la kwanza lilikuwa, "Chakula kiko wapi?" Ndipo akakumbuka kilichomleta.

Hatukuhitaji kumwita Mpole. Alikuwa ameshatoka, amesimama katikati ya mashuka, mikono nyuma.

Lakini wanawake walikuwa wamesimama mbele yake.

"Mnamtoa kwa kosa gani?" aliuliza Mama Mapacha, jirani wa ukuta mmoja na dada.

"Anawanyonya damu!" nilisema.

"Tunajua. Nikimwambia leo nimechoka, anasema haya, lala salama. Nitajie mwanamume mwingine wa hivyo hapa mtaani."

Rafiki mmoja wa shemeji akacheka. Akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Dada alitoka chumbani, ameshika ukuta. Alimtazama mume wake.

"Wewe umeninyonya tangu nikiwa msichana," alisema, bila hata kupaza sauti. "Hukuwahi kuuliza kama inauma."

Shemeji aliinua mkono. Hakuuteremsha. Dada alianguka kabla hajaguswa, akaenda chini kama shuka lililokatika kamba. Mpole alipiga hatua kumdaka, nikajitupa katikati.

"Toka!"

"Sijawahi kuingia nisipokaribishwa," alisema. "Wala kubaki nikifukuzwa."

Akanipita, karibu kabisa. Ile harufu ya chuma ikanijaa puani. Akaniinamia sikioni, akanitajia mtaa anakohamia, na rangi ya mlango. Kisha akaongeza, taratibu, "Mgongo lazima unakuuma. Kushona ni kazi."

Akatoka getini mikono mitupu. Tulipofungua chumba chake tulikuta kitanda. Godoro lilikuwa bado limefungwa kwa nailoni ya dukani. Hakukuwa na kitu kingine... hata msumari wa kutundikia shati.

Hospitali walisema dada anahitaji damu haraka. Mimi nilitoa. Shemeji alipoombwa, alisema yeye anaogopa sindano.

Daktari aliuchunguza ule mkono mbele yangu. Hapakuwa na kidonda. Hapakuwa hata na kovu. "Huyu ameishiwa damu siku nyingi," alisema. "Kazi nzito, chakula kidogo. Wanawake wengi wa umri wake wako hivi." Nilijaribu kumweleza nilichokiona. Akanisikiliza huku ananitazama kama mtu anayefikiria anihamishie wodi gani.

Basi dada akapona. Watu wananiambia nilimwokoa, na mimi naitikia. Harusi imepita. Amerudi kwenye pasi yake, na shemeji amerudi kwenye kiti chake, anagonga sahani kwa kijiko akiona chai inachelewa. Bibi wa mlango wa kwanza nikimwamkia anatazama pembeni. Midomo yao wote imerudi rangi. Lakini jioni wanabaki mlangoni, nguo za kufulia mwilini, wanaangalia geti... na hakuna anayeingia.

Kila nikienda, dada ananiuliza jambo moja, pazia likishateremshwa.

"Alikunong'oneza nini siku ile?"

"Aliaga tu."

"Niapie."

Naapa. Mwanzoni nilikuwa naapa kwa ajili yake. Nilijiambia akijua mtaa ule atakwenda, na akienda hatarudi. Juzi alipouliza tena, niliapa haraka kuliko siku zote, kabla hajamaliza swali, na nikasikia uso unapata moto.

Dada akasimamisha pasi. Alinitazama kuanzia mikono mpaka macho, kama vile mimi ninavyompima mteja.

"Kumbe," alisema. "Unajua alipo. Unajiwekea."

Akachukua shuka jingine.