Bendi ya Wazima na Marehemu

Kiti cha besi kilikuwa kimelowa. Musoma haikuwa imeona tone la mvua tangu wiki iliyopita na bati la godauni lao la mazoezi halikuwa na tundu, lakini Marcelina alipopitisha kiganja juu ya kile kiti cha plastiki, kilirudi na maji yenye harufu ya ziwa, ile harufu ya kamba na nyavu zilizosahauliwa mtumbwini.

"Nani kamwagia maji kiti cha marehemu?" aliuliza.

Chrispin, mdogo wake na mpiga tumba wa bendi, alicheka. "Si Silasi alizama ziwani, dada? Ulitaka aje na bodaboda?"

Mzaha huo ulitokana na mchezo wao. Bendi yenyewe ilikuwa na watu watatu tu wa kudumu, wengine wa kuazima, kwa hiyo walijiliwaza kwa kupanga bendi ya ndoto. Ungepewa wapigaji wote wa Mara, wazima na marehemu, ungemweka nani wapi? Florian, kiongozi wao na mpiga rithimu, alikuwa mkali wa mabishano hayo kuliko wa gitaa. Alhamisi walikwenda mbali zaidi wakapanga na viti. Solo, marehemu Mugeta wa Butiama. Besi, marehemu Silasi wa Kiriba. Tumba, Chrispin, maana kwa mikono ile hata marehemu wasingemkataa. Florian alijitoa, akasema yeye atakuwa meneja.

"Na mwimbaji ni mimi," Marcelina alisema, mkono kiunoni. "Hata mkiwafufua wote, nitawaimbia mimi."

Basi Jumamosi hiyo alasiri, jua likiwa limejaa mlangoni, walikausha kiti wakaanza mazoezi. Anayejua dansi anajua desturi yake. Mwimbaji akikuita kwa jina katikati ya wimbo, hukatai, unaingia na chombo chako. Na ukishaingia huachi mpaka mwimbaji mwenyewe akushukuru kwa jina na kurudi na ubeti. Siku hiyo mpiga solo wa kuazima hakutokea. Wimbo ulipofika pale pa solo, Marcelina, kwa utundu tu, alikigeukia kile kiti kitupu cha solo.

"Mugeta! Mugeta wa Butiama!"

Gitaa likajibu.

Florian aliinua mikono yake yote miwili juu ili wamwone kwamba si yeye, na gitaa likaendelea, tamu, taratibu, likitokea pale kwenye kiti ambacho hakikuwa na mtu wala waya, kisha chini yake ikaanza besi, nzito, ya kusikika tumboni kabla ya masikioni, na kila besi ilipolia maji yalidondoka kutoka kiti cha pili, yakatambaa sakafuni kuelekea miguuni pa Marcelina, mpaka akatupa kipaza sauti na kukimbia, naye Florian akamkumba mlangoni, na nyuma yao tumba zikabaki zinapigwa.

Chrispin hakuwa amekimbia. Walirudi wakamkokota nje, mikono yake ikiendelea kupiga hewa.

Nyumbani Makoko mikono ile haikulala. Ilipiga meza, ikapiga sahani, ikapiga ukuta mpaka viganja vikachanika. Padri alikuja na maji ya baraka. Chrispin akaifuata sala kwa mapigo, mpaka padri akajikuta anasali kwa mdundo; akafunga kitabu chake, akaondoka bila kuaga. Florian alipopigiwa simu alinong'ona, "Mimi simo kwenye ile bendi, Marcelina. Nilijitoa, unakumbuka?" Akakata. Marcelina alimtukana simu ikiwa imeshakufa.

"Dada," Chrispin alisema kwa sauti iliyokauka, "hawajamaliza wimbo. Nikitaka kuacha wananivuta."

Mama yao alipofariki, Marcelina ndiye aliyemlea huyu. Kumwona akiisha hivi, akilishwa uji kama mtoto, kulimkata maini.

Akaenda Butiama, Mwitongo, kwa Nyamburi, mjane wa Mugeta. Alimkuta anaanika mtama. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akakung'uta mikono.

"Ulimwita kwa jina? Ndani ya wimbo?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu ukamwacha hapo hapo?"

"Niliogopa, nikakimbia."

"Mugeta alikuwaga hivyo hata mzima. Mwimbaji akimsahau, anapiga tu, watu wameshaenda zao. Alikuwaga anasubiri asante yake." Aliinama akamsogelea. "Rudi hapo, binti. Uimbe pale ulipokatishia, umshukuru kwa jina yeye na kila mtu uliyempanga. Asibaki hata mmoja."

"Na mdogo wangu?"

"Si ulimpanga na yeye? Basi na yeye."

Siku iliyofuata alimpeleka Chrispin godauni, mchana kweupe. Solo na besi zilikuwa bado zinalia, zenyewe, kama redio iliyosahauliwa. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Walipoingia tu, mikono ya Chrispin iliruka kwenye tumba. Marcelina aliokota ubeti pale alipouacha.

"Asante, Mugeta wa Butiama!"

Gitaa likanyamaza.

"Asante, Silasi wa Kiriba!" Besi ikakatika, na maji yakaanza kurudi nyuma.

"Asante, Chrispin, mdogo wangu."

Mikono ikaanguka mapajani. Chrispin aliitazama, akaikunja vidole kimoja kimoja, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Marcelina alitaka kumkumbatia. Alitaka kumwambia twende nyumbani. Lakini ubeti wa mwisho ulikuwa umekwisha na mdomo wake ulikuwa umeanza ubeti wa kwanza.

Alijaribu kufumba mdomo. Alijaribu kutamka jina lake mwenyewe, asante Marcelina, na kilichotoka kilikuwa maneno ya wimbo.

"Asante, Marcelina!" Chrispin alipiga kelele, akimtikisa mabega. "Asante, dada! Inatosha!"

Haikusaidia kitu. Si Chrispin aliyempanga. Alijipanga mwenyewe, mkono kiunoni.

Ubeti wa pili ukapita. Marcelina aliujua wimbo ule vizuri, na alijua baada ya ubeti wa pili kuna nini. Alimkamata mdogo wake kifuani kwa nguvu zake zote, akamsukuma nje juani, akafunga mlango na kuteremsha komeo kwa ndani. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, huku akiomba Chrispin awe anakimbia, awe ameshafika barabarani, asisikie.

Wimbo ukafika pale pa kuita jina.