Dema la Chatu Watano

"Inatangazwa kwa walimu wote na wanafunzi wote kwamba kata ya kuchotea maji katika mtungi wa darasa la sita, iliyopotea tangu Jumamosi, imeonekana."

Mwalimu Mkuu, Bwana Dadi, alilisoma tangazo hilo mstarini asubuhi ya Jumatatu kwa sauti ileile aliyoitumia kutangaza sikukuu za taifa. Kisha akaikunja karatasi na kuongeza, kwa kuwa hayo hayakuwa yameandikwa, kwamba kata hiyo ilionekana ghalani, karibu na nyoka.

Mstari wa darasa la sita ulisogea hatua moja mbali na Sihaba.

"Umewanywesha nyoka kwa kata yetu?" Kombo alimnong'oneza.

"Nimewamiminia maji tu. Hawakuigusa."

"Basi leo utakunywa wewe kwanza. Sisi tutakutazama."

Sihaba alikuwa binti wa miaka kumi na miwili kutoka Mlingotini. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, darasa lake lilipokuwa likifyeka shamba la muhogo la shule, jembe lilifukua mayai ya chatu. Mama yao alikwisha kuuawa kwa mapanga kabla mtu yeyote hajauliza swali. Sihaba aliokota mayai matano yaliyosalimika, akayafukia katika mchanga wa vuguvugu ndani ya karai, na yote matano yakaanguliwa. Mwalimu Katarina, aliyefundisha sayansi, alikubali wafugwe ghalani. Muhtasari wa masomo ulimtaka afundishe habari za wanyama watambaao, na shule ilikuwa na picha moja tu ya kinyonga, nayo ilikwisha kuliwa na mchwa. Chatu hawana sumu, na hawa walikuwa bado na unene wa kidole gumba. Walikaa katika karai lililofunikwa kwa gunia.

Baada ya mstari Mwalimu Mkuu alimwita Sihaba.

"Ijumaa anakuja Afisa Elimu. Nataka nikute banda la kufaa, si karai. Na nikisikia kwamba nyoka hata mmoja yuko nje, sitaingoja Ijumaa. Nitaita watu wa mapanga, wauawe wote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Jioni hiyo alikwenda kwa mjomba wake, Mwishehe, aliyekuwa msukaji wa kutegemewa wa madema, mitego ya samaki ya ufito, katika kijiji kizima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia siku hizi una watoto."

"Watano, mjomba. Nimekuja kuazima dema la kuwaweka."

Mwishehe hakushangaa. "Chukua lile jipya. Dema langu limezuia samaki kama changu, limezuia pono, limemzuia hata mkunga, na mkunga ni nyoka wa baharini. Kinachoingia humu hakitoki ila kwa mkono wangu."

Mlingotini hakuna aliyewahi kuyatilia shaka maneno hayo. Hata Sihaba hakuyatilia. Jumanne akawatia chatu wote ndani ya dema, akaufunga mlango kwa kamba, akaenda zake ameridhika.

Jumatano asubuhi walikuwa wanne. Aliwahesabu mara tatu, na hesabu haikubadilika.

"Wote wapo?" Mwalimu Mkuu aliuliza akiwa mlangoni, daftari mkononi.

"Wote wapo, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu akaandika: *Nyoka, watano. Hali, shwari.*

Kipindi cha hesabu kilipita Sihaba asisikie neno. Ukuta mmoja tu ulitenganisha ghala na darasa la kwanza, ambako watoto arobaini walikaa juu ya mikeka, miguu mitupu. Chatu yule asingemdhuru mtu, lakini mtoto angepiga kelele na panga lingefika. Akisema, huenda wote watano wakauawa. Akinyamaza, angekuwa ameketi hapo akisubiri kelele hizo. Alinyanyuka, akaomba ruhusa, akamfuata Mwalimu Katarina.

"Ni wanne, Mwalimu. Nami nimemwambia Mwalimu Mkuu ni watano."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na huyo aliyetoka."

"Twende kwa Mwalimu Mkuu."

"Atawaua wote!"

"Huenda. Twende."

Bwana Dadi aliwasikiliza bila kukatiza. Kisha akalifungua daftari lake na kuyasoma maandishi ya asubuhi.

"Nimekwisha kuandika watano," alisema. "Kwa wino. Nawapa mpaka kengele ya mapumziko."

Darasa la kwanza lilitolewa nje kuimba. Sihaba hakukimbia huku na huko. Alisimama katikati ya darasa hilo tupu akajiuliza kiumbe yule alihitaji nini: giza, ubaridi na maji. Akauendea mtungi wa maji uliokuwa konani, akamwita Kombo amsaidie kuunyanyua.

"Ukiumwa, mimi sikuwapo," Kombo alisema, lakini akanyanyua.

Chatu alikuwa amejikunja chini yake, katika mchanga mbichi. Sihaba alimkamata. Akaumwa kidoleni, damu ikatoka kidogo, asimwachie. Kengele ilikuwa bado haijalia.

Adhuhuri Mwishehe alifika shuleni kulitetea dema lake. Alimchukua chatu mmoja, akaelekeza kichwa chake kwenye tundu mojawapo la ubavuni. Chatu akapita bila haraka. Mwishehe alimtazama mpaka ncha ya mkia.

"Dema si bovu," alisema. "Mkunga ni mnene. Huyu bado hajanenepa." Akakuna kidevu. "Kuna sanduku la chai hapa?"

Walifanya kazi siku hiyo na Alhamisi yote. Mwishehe alilitengenezea sanduku hilo mlango wenye bawaba na komeo. Sihaba alipigilia wavu wa mbu wa waya, akaujaribu kila mahali kwa ncha ya penseli. Palipopita penseli, aling'oa misumari akaanza upya. Aling'oa mara sita. Ndani aliweka mchanga mkavu, bakuli zito la maji lisilopinduka, na gae la mtungi wa kujifichia. Ijumaa asubuhi walihesabiwa watano, na Mwalimu Mkuu alilitikisa komeo kwa mikono miwili lisifunguke. Afisa Elimu hakufika. Gari lake lilikwama matopeni upande wa Makurunge.

"Sikilizeni," Mwalimu Katarina aliliambia darasa mbele ya sanduku. "Ukitaka kumjengea mnyama nyumba, mpime mnyama mwenyewe, usipime sifa za fundi. Dema lilikuwa na matundu mengi, lakini tundu la hatari lilikuwa jingine: yale maneno 'wote wapo'. Sihaba aliliziba mwenyewe, kabla hajashika nyundo. Ndiyo maana chatu hawa wako hai."

Kombo akanyoosha mkono. "Mwalimu, chatu hukua mpaka wapi?"

"Hufika urefu wa chumba hiki."

Darasa zima liliutazama urefu wa chumba, kisha urefu wa sanduku. Swali hilo likapelekwa kwa kamati ya shule, iliyokaa mchana huohuo kwa saa mbili. Azimio lake lilibandikwa ubaoni likiwa na mhuri: suala la ukubwa wa chatu litajadiliwa chatu watakapokuwa wakubwa.