Mapovu Mwilini mwa Severina

Nathanaeli na mkewe Theresia ni wakulima wa Ilongero, mkoani Singida. Siku hiyo walikuwa uani wakipiga alizeti kwa fimbo. Mbegu zilirukaruka juu ya turubai.

Binti yao Severina alikuwa amefika asubuhi kwa basi kutoka pwani. Kazi yake huko ni kuzamia baharini. Huwaongoza watalii wanaotaka kuona samaki. Majirani humtania, "Mnyaturu gani huyu anayeishi na samaki?"

"Nipe fimbo, mama, nikusaidie," alisema.

"Pumzika kwanza, mwanangu."

Hakukubali. Alipiga alizeti kidogo tu, fimbo ikamponyoka.

"Bega linauma. Lilianza njiani. Na miguu ina ganzi."

"Ni kukaa sana kwenye basi," alisema baba yake.

Theresia alimkanda kwa maji ya moto. Maumivu hayakupungua. Mchana Severina alisimama ili aende chooni, akaanguka mlangoni. Miguu ilikataa kumbeba.

Jirani yao Agnes alikuja mbio. "Huyu amerogwa kazini! Mpelekeni kwa mganga."

"Hapana," alisema Nathanaeli. "Tunakwenda kituo cha afya. Sasa hivi."

Kituoni walipokewa na muuguzi Ritha. Alimpima Severina, kisha akamuuliza kuhusu kazi yake.

"Mara ya mwisho ulizamia lini?"

Severina aliinamisha kichwa. "Jana asubuhi. Mtalii mmoja aliogopa, akapanda juu kwa kasi. Nikamfuata kwa kasi ileile. Mchana nikapanda basi."

"Hukujua hatari yake?"

"Nilijua, dada. Tulifundishwa. Maumivu yalipoanza nikajiambia ni uchovu. Niliogopa kupoteza kazi."

Ritha alimlaza chali, akamvalisha barakoa ya oksijeni. Akampigia simu daktari wa mkoa. Kisha akawageukia wazazi.

"Mzee, umewahi kufungua soda iliyotikiswa?"

"Imenimwagikia mara nyingi."

"Chupa ikiwa imefungwa, gesi imebanwa ndani. Ukifungua ghafla, inageuka mapovu. Mzamiaji naye hubanwa na maji. Hewa anayovuta kutoka kwenye mtungi inaingia katika damu. Akipanda polepole, inatoka kwa pumzi. Akipanda haraka, inageuka mapovu mwilini. Mapovu hayo yanaumiza viungo na mishipa ya fahamu."

"Na basi limemkosea nini?" aliuliza Theresia.

"Singida iko juu sana kuliko pwani, mama. Huku juu hewa haibani sana, kwa hiyo mapovu yanakua. Mzamiaji asipande mlima wala ndege siku aliyozamia. Asubiri angalau siku nzima."

"Nilimkanda bure, basi!"

"Ulimkanda kwa upendo. Lakini mapovu hayatoki kwa kukandwa. Anahitaji oksijeni mapema, halafu chumba cha mgandamizo. Ni chumba cha chuma. Mgonjwa anafungiwa humo, hewa inabanwa mpaka mapovu yanasinyaa. Kisha wanailegeza taratibu."

Gari la wagonjwa lilimrudisha Severina pwani. Alivuta oksijeni njia nzima, mama yake akiwa ubavuni.

Aliingizwa kwenye chumba kile mara kadhaa. Alipotoka mara ya kwanza, Theresia aliitazama miguu yake. Akapiga kelele.

"Vinacheza! Vidole vinacheza!"

Hata daktari alicheka.

Madaktari walimruhusu kurudi nyumbani baada ya kuhakikisha kwamba safari ya kupanda Singida haitamdhuru. Bega lilikuwa limepona, lakini miguu ilikuwa bado dhaifu. Theresia alitaka binti yake alale tu. Ritha alipomtembelea, alikataa.

"Asilale kutwa, mama. Mishipa iliumia. Mazoezi ya kila siku ndiyo yanayoifundisha kazi tena."

Nathanaeli alisimika nguzo uani, akafunga miti miwili ya kushikilia. Severina alijivuta katikati yake. Alianguka. Akainuka. Akaanguka tena, akalia.

"Baba, hii miguu si yangu!"

"Ni yako. Mimi niliiona ikijifunza kutembea mara ya kwanza. Simama."

Akasimama.

Aliwapigia simu wazamiaji wenzake. "Msifiche maumivu kama mimi," aliwaambia. "Ukisikia ganzi, sema saa hiyohiyo." Bosi wake hakumfukuza. Alimpa kazi ya nchi kavu ya kuwafundisha wanaoanza, mpaka daktari wa wazamiaji atakapompima na kusema kama anaweza kurudi majini.

Ikafika asubuhi moja, Severina akavaa viatu, akatoka bila fimbo aliyokuwa akitembelea. Dereva wa bodaboda alipunguza mwendo kando yake.

"Panda, dada, nikufikishe."

"Asante. Leo natembea."

Alipita mashamba ya mtama. Wanawake waliokuwa wakivuna walimtambua, wakapiga vigelegele. Agnes aliacha kisu chake, akamfuata. Wengine wakaungana naye wakiimba. Severina alitoka jasho, akapunguza hatua, lakini hakusimama.

Ritha alisikia kelele, akatoka mlangoni mwa kituo.

"Severina! Nani amekuleta?"

Severina alicheka huku machozi yakimtoka.

"Miguu yangu, dada. Miguu yangu mwenyewe!"